Shangazi Aliyechana Ukurasa

Niliingia kwenye tamthilia ya televisheni kwa sababu ya kiuno. Mwigizaji aliyepangwa kucheza shangazi mbaya alikuwa Bujumbura na hakupata nafasi ya kupanda kuja Gitega, basi mwongozaji akanitumia vipimo vyake kwa simu. Nilipovisoma nikaona ni vyangu mimi, kasoro urefu wa mkono tu. Nikashona magauni manne nikijipimia mwenyewe mbele ya kioo, mlango wa duka umefungwa nusu ili wapita njia wa mtaa wetu wa Nyamugari wasije wakafikiri fundi amekosa kazi.

Mwongozaji alikuja kuyachukua siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, anayezungumza kana kwamba kuna mtu anamsubiri nje. Akaniomba nivae moja aone linavyokaa. Nikavaa la zambarau. Wakati huohuo akaingia mteja wangu mmoja, ambaye kila wiki huja kuuliza nguo aliyoleta jana, akaanza, "Fundi, bado tu? Donc, we unanichezea?"

Nikamgeukia. Sikupaza sauti. Nilimwambia tu, taratibu, kwamba nguo yake itakuwa tayari Alhamisi, na kwamba akiendelea kusimama hapo itakuwa tayari Alhamisi ya wiki nyingine. Akatoka bila kuaga.

Mwongozaji aliacha kukagua gauni akanitazama mimi. Kisha akasema, "Dada, rudia. Vilevile."

"Nirudie nini?"

"Yale macho."

Baada ya siku tatu yule mwigizaji wa Bujumbura akapata kazi nyingine, na mimi, fundi cherehani, mke wa mtu, nikapewa karatasi za kukariri. Mume wangu alizisoma zote akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu shangazi ana mume?" Nikamwambia ni mjane. Akaridhika.

Tamthilia yenyewe ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchekesha na kuliza watu, kama tamthilia zote. Ya pili ilikuwa kuwafundisha watazamaji blokicheni. Neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa waigizaji, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tumeuazima. Aliyelieleza alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, aliyeajiriwa ili sisi tusidanganye watu. Alizungumza karibu saa nzima. Alichora masanduku ubaoni, akayaunganisha kwa mishale, akafuta, akachora tena.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja Mkongo wa Kivu ya Kusini, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye alikuwa anacheza chef wa kolini, yaani kiongozi wa kilima, ambacho kwetu ni kama kijiji. Alikuwa na sura ya heshima kiasi kwamba hata akiuliza njia ya kwenda chooni unahisi ametoa hukumu. Aliyetafsiri maneno ya tamthilia alikuwa amegeuza blokicheni kuwa "mnyororo wa matofali", na mzee alikuwa ameiwekea alama mistari yote yenye maneno hayo.

"Mwalimu," akasema, "hii matofali, tutaileta ao iko tayari hapo mahali ya kufilimia?"

Mwalimu akaweka chaki chini. Akaeleza kwamba hakuna matofali. Mzee akatikisa kichwa kwa uelewa mkubwa, akaninong'oneza, "Mi sielewi kitu. Mais nitasema na uso ya mtu mwenye anaelewa. Watu wataniamini."

Na kweli, alipojaribu mstari wake mbele yetu, tulimwamini wote. Tatizo ni kwamba tulimwamini bila kujua anachosema. Mwongozaji aliliona hilo haraka. Akasema kama waigizaji hawajaelewa, basi mama aliye nyumbani na sufuria jikoni ataelewa vipi?

Mimi nilikuwa nimeanza kuona kitu, ila kwa njia yangu ya cherehani. Nikamuuliza mwalimu, "Ni kama ule mshono wa mdomo wa gunia la mchele? Kila kitanzi kimepita ndani ya kitanzi kilichotangulia?"

Akafikiri. "Endelea."

"Sasa ule ukikata kitanzi kimoja katikati na kuvuta, unafumuka wote. Huo si mshono wa kujivunia, mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hapo ndipo penyewe. Kila kitanzi ni jambo lililoandikwa, na hakuna anayeweza kubadili kimoja kwa siri, kwa sababu vyote vinavyofuata vitaharibika na kila mtu ataona. Na gunia hilo, akasema, halipo moja. Kila nyumba ina la kwake, limeshonwa sawasawa na la jirani. Ukifumua la kwako, la jirani bado limefungwa, linakusuta.

Basi siku ile tulitupa hotuba ya chef wa kolini, kurasa mbili nzima, na mzee wa vitenge akashukuru Mungu kwa sauti. Badala yake tukaweka hivi: shangazi anataka shamba la mke wa marehemu kaka yake. Anakwenda ofisini, anachana ukurasa wa daftari lililoandikwa shamba ni la nani. Anautia kinywani, anautafuna. Anatoka anatabasamu. Kisha anamkuta jirani wa kwanza akiwa na ukurasa uleule kwenye simu yake. Anakwenda kwa wa pili, naye anao. Wa tatu anao. Kilima kizima kinao. Nilikimbia nyumba hadi nyumba nikiwa na gauni la zambarau, karatasi imenikwama kooni, na wapiga kamera wakicheka hata picha zikatikisika. Ilibidi zirudiwe mara sita. Karatasi zile zilikuwa za kweli. Mpaka leo nikisikia harufu ya daftari jipya koo linakauka.

Tamthilia ikaanza kuonyeshwa, jioni baada ya magharibi, na maisha yangu Nyamugari yakabadilika. Muuza nyama ambaye miaka yote alinichagulia kipande kizuri alinikatia mfupa, akaufunga, akanipa bila kunitazama. Nilipomuuliza, akasema, "We mwanamke, ile ya kumfanyia mjane... non. Mi siwezi."

"Lakini ile ni filamu!"

"Najua ni filamu," akajibu. "Mais mtu hawezi kufanya macho kama ile kama haiko ndani yake."

Mama mkwe wangu, kwa upande mwingine, aling'ara. Alikuwa akiwaalika wanawake kuja kunitazama kwenye televisheni, na mimi mwenyewe nikiwa nimekaa hapohapo mkekani, na kila nilipofanya uovu kwenye kioo walinigeukia wote pamoja, kisha wakarudi kwenye kioo. Watoto wa mtaani wakaacha jina langu kabisa. Nikawa Shangazi, hata kwa watu walionizidi umri.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba watu walijifunza. Mwalimu wa hisabati alikuwa na wasiwasi kwamba watacheka tu na kusahau. Hawakusahau. Waliyaleta waliyojifunza dukani kwangu.

Walikuwa wanawake sita, marafiki, waliotaka sare ya harusi ya mdogo wa mmoja wao. Walikuja kupimwa pamoja, na kila mmoja ana daftari mkononi. Nikauliza ya nini hayo.

"Tunakujua, Shangazi," akasema aliyewaongoza, msusi wa jirani. "Utapunguza kitambaa ya mtu, halafu utasema vipimo ndiyo vilikuwa vile. Sasa kila mtu ataandika vya wote. Ukibadilisha kwako, iko kwetu."

Nikawaambia ni matusi. Wakasema si matusi, ni blokicheni. Basi nikapima, nikataja kwa sauti, na madaftari saba yakaandika, la kwangu na ya kwao sita. Walikuwa na kanuni pia, wameitoa kwenye tamthilia: hakuna kufuta. Kipimo kikibadilika, unaandika mstari mpya chini, na wa juu unabaki.

Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila mara walikuja kurekebisha, na kila mara madaftari yakafunguliwa. Mara ya tatu nilipozungusha tepu kwenye kiuno cha mmoja wao, mwanamke mpole, mke wa mtengeneza viatu, nikataja namba. Kalamu zikasimama. Nikaona macho yanapanda kwenye mstari wa juu, yanashuka kwenye wa kati, yanashuka kwenye wa chini. Msusi ndiye aliyetangulia kusema.

"Yoo! Sha, we iko na mimba!"

Yule mwanamke alifunika uso kwa mikono miwili. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mume alikuwa safarini Rumonge, na alitaka awe wa kwanza kusikia, kama ilivyo haki. Sasa wanawake watano walijua, na fundi, na kwa kuwa tulikuwa Nyamugari, kabla ya alasiri mama mkwe wake alifika akiwa na mchuzi. Kwa wiki mbili yule mke wa mtengeneza viatu hakuniongelesha. Alisema hata shangazi wa kwenye televisheni hakuwahi kufanya ubaya kama ule.

Niliona haya kweli. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, tukakaa kwenye benchi la kwake, na nikamwambia vipimo vyake nitaviandika mimi peke yangu kuanzia siku hiyo. Akanikubalia. Kisha nilimsimulia mwalimu wa hisabati, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alitoa kalamu akaandika.

"Hili hatukulisema kwenye tamthilia," akasema. "Tumewaambia watu kuandika mbele ya wote ni kinga. Hatukuwaambia kwamba si kila kitu ni cha kuweka mbele ya wote."

Baadaye mwongozaji akaamua tuipeleke tamthilia Muyinga, kwa watu wasio na televisheni, tuonyeshe vipindi vitatu kisha tuwasikilize. Alipotaja Butihinda, upande huohuo wa Muyinga, nikainua kichwa. Mama yangu anaishi Butihinda. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, huko ndiko nilikojifunzia Kiswahili changu hiki ambacho Gitega wananitania kwamba nazungumza kama redio. Wazazi wangu walikimbia wakiwa vijana na kurudi wazee. Baba hakuishi sana baada ya kurudi. Mama yuko palepale, kwenye mlima wa kwao, na mihogo yake na migomba.

Tulifika mchana. Tulitumia darasa la shule, nami nilikuwa nimeshona mapazia meusi ya kuziba madirisha ili picha ionekane. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya madawati. Mama alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kizuri, ameshika mkoba wake magotini kama yuko hospitali akisubiri kuitwa.

Vipindi vikapita vizuri. Walicheka nilipotafuna karatasi. Walipiga kelele nilipokimbia nyumba hadi nyumba, wakamwonya yule jirani wa tatu asinifungulie mlango. Mapazia yalipofunguliwa, walikuwa wananitafuta kwa macho, na waliponiona wakaguna wote pamoja. Nikapunga mkono. Mwongozaji akauliza kama kuna maswali, naye alikuwa anatabasamu, kwa sababu kazi ilikuwa imefanikiwa.

Mama mmoja wa makamo, aliyesimama nyuma na mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, cha kambini.

"Mimi nimeelewa vizuri," alisema. "Kikiandikwa, hakifutiki, na kila mtu anacho. Sasa nauliza. Sisi tulikuwa ng'ambo. Kama huyo shangazi angeandika yeye kwanza, kabla hatujarudi, kwamba shamba ni lake, na kilima kizima kikapewa karatasi hiyo? Uwongo wake nao haufutiki?"

Mwongozaji akamtazama mwalimu. Mzee wa vitenge, aliyekuwa amekuja na sisi kwa sababu watu walimpenda, akatazama viatu vyake. Mwalimu wa hisabati alisimama, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mama, umeuliza swali ambalo nilikuwa naomba mtu asiulize," akasema. "Jibu ni ndiyo. Mashine haijui nani alilima hapo zamani. Inajua nani ameandika nini, na lini. Ikiandikiwa uwongo, itautunza uwongo vizuri sana. Mnaweza kuongeza mstari mpya wa kusahihisha. Lakini kujua ukweli ni upi, hiyo ni kazi ya watu kukaa na kuongea kabla ya kuandika. Mashine haikai na watu."

Yule mama akasema, "Asante. Basi tunajua," akakaa. Nilifikiri mambo yamekwisha. Kisha nikamwona mama yangu anainuka, taratibu, ameshikilia dawati. Nilitamani ardhi inimeze, maana mama huwa hasemi mbele ya watu.

"Huyu shangazi wenu," alisema, na kunionyesha kidole kana kwamba hanijui, "ni binti yangu, na ameigiza vizuri. Lakini mtu kama huyo mimi sijamwona. Tuliporudi, shambani kwetu kulikuwa na mama mwenye watoto. Hakuchana karatasi. Alipewa pale akaambiwa hapana mwenyewe, akalima, akazika mtoto wake pale. Siku tuliyofika na mizigo, yeye alilia kuliko mimi. Tulikaa na majirani siku nyingi. Tukagawana. Sasa ni jirani yangu, amekaa pale dirishani. Mkionyesha shangazi huyu, watu watamtazama yeye vibaya, na yeye hakukosa."

Karibu na dirisha, mwanamke mwembamba alikuwa ameinamisha kichwa. Namjua. Tangu tulipogawana shamba ameniletea maharage kila ninapokwenda kumtembelea mama, na mimi nilikuwa nimekariri maneno yote ya tamthilia, nimeshona magauni yote, wala sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Watu walipoanza kutoka nilimwendea. Nilimwambia, "Mama, nisamehe kwa ile filamu." Akanishika mkono akasema kwa Kirundi kwamba amecheka sana ile sehemu ya karatasi, ila mwishoni aliacha kucheka.

Kwenye gari tukirudi Gitega tulipita mji wa Muyinga. Kisha mwongozaji akaanza kusema, kwa haraka yake ileile, na hakunyamaza njia nzima. Vipindi vilivyobaki viliandikwa upya. Mjane akabaki mjane, shamba likabaki lilelile, lakini shangazi akapewa sababu. Alikuwa ameambiwa na kaka yake, kwa mdomo, kwamba sehemu moja ya shamba ni yake, na hakuna aliyeandika. Alichana ukurasa kwa hofu ya kukosa pa kulima. Na kabla ya kilima kuandika chochote kipya kwenye simu zao, tukaweka kipindi kizima cha watu kukaa chini na kubishana.

Kipindi hicho tulikifilimia Buraza, kwenye uwanja wa nyasi, na wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa majirani. Mwongozaji aliwaambia wabishane tu, bila kuwapa maneno. Walibishana vizuri kuliko sisi wote. Mwanamume mmoja alitaja mpaka wa kweli wa shamba lake la kweli, na jirani yake wa kweli akamjibu, ikabidi kamera isimamishwe. Mzee wa vitenge, chef wa kolini wa uongo, akawapatanisha kwa saa nzima bila kamera. Alipomaliza alikuja kukaa karibu yangu akipangusa jasho. "Mi sasa nimeelewa hii blokicheni," akasema. "Ni kuandika. Mais kazi yote iko mbele, kabla ya kuandika."

Mimi nilikuwa na mstari mmoja mgumu siku ile, wa kuomba radhi mbele ya mjane. Niliusema nikimfikiria yule mwanamke wa dirishani. Sijui kama niliigiza. Mwongozaji alisema "bon", yaani vizuri, mara moja tu, na hakuomba kurudia.

Baada ya vipindi hivyo muuza nyama alirudi kunichagulia kipande. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Mke wa mtengeneza viatu alijifungua mtoto wa kike, na nilimshonea shuka za mtoto bila kumpima mtu yeyote. Ofisini daftari la mashamba bado ni la karatasi, na mwalimu wa hisabati bado anakwenda kuongea na wakubwa, akirudi na ahadi.

Lakini Butihinda, mstari wa nyumba anakoishi mama yangu, walifanya lao. Walikaa na chef wa kolini wao wa kweli, wakaitazama karatasi ya mgawanyo waliyokuwa wameitia sahihi miaka ile, wakaisoma kwa sauti, wakabishana juu ya mti mmoja wa mpakani, wakaelewana. Kisha kila mwenye simu akaipiga picha. Mama hana simu ya picha, hivyo picha yake inatunzwa na yule jirani, na nakala ya jirani nayo iko kwangu Gitega. Mama alinipigia kunieleza. Nilimuuliza kama ameona kipindi cha mwisho, maana kuna mtu pale mlimani amenunua televisheni.

"Nimekiona," akasema. "Tulikiona wote wawili, mimi na jirani mwenzangu. Ulilia vizuri."

"Na yeye alisemaje?"

"Alisema umekonda. Lini unakuja?"